Ila Siku ya Mfereji Hutoka

Kazi yangu ilikuwa kuchapa. Naisema mapema kwa sababu siku hizi watu wakisikia nilikuwa nashughulikia vibali vya Wamarekani wanadhani nilikuwa wakili, au nilikuwa na mjomba serikalini. Sikuwa na mjomba. Nilikuwa na taipureta moja ya chuma, mashine ya fotokopi iliyopata moto na kugoma kila ikikaribia saa sita mchana, na chumba kimoja ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa, Arusha mjini. Wenzangu niliosoma nao ukarani walikuwa wamepunguzwa kazi kwenye mashirika ya umma, wengi wakaingia kwenye mitumba. Mimi niliona bora nife na mashine yangu.

Ilikuwa miaka ile ya milango kufunguliwa. Sabuni imejaa madukani, kila mwenye Landrover bovu amefungua kampuni ya utalii, na wazungu nao wakaanza kuja kwa hiari zao. Zamani tuliwajua wa misheni na wa miradi, ambao karatasi zao zilishughulikiwa na wakubwa huko juu. Hawa wapya walikuja kuangalia wanyama wiki mbili, wakauona Mlima Meru asubuhi moja hauna wingu, wakaamua kuwa hapa ndipo watakapozeekea. Haki ya Mungu, sikuwaelewa. Ndugu zangu wa Rombo wote walikuwa wanatafuta njia ya kwenda huko kwao.

Walipanda ngazi zangu wakihema na swali lao lilikuwa moja: nifanyeje nikae? Nilikuwa nimekariri majibu. Mwenye mtaji na biashara yake anaomba kibali cha ukaazi daraja A. Aliyepata mwajiri anaomba daraja B, na mwajiri aeleze kwa nini kazi hiyo haikumpata Mtanzania. Waliobaki, yaani wamisionari, wanafunzi na wastaafu, ni daraja C. Na asiyeweza lolote kati ya hayo, basi alikuwa na njia ya Namanga: kila miezi mitatu anavuka mpaka, anakunywa soda upande wa Kenya, anarudi na muhuri mpya kwenye pasipoti. Wapo walioishi hivyo miaka, na walijisifu. Mimi niliwaambia wazi kwamba muhuri wa mgeni ni wa mgeni, siku moja watakutana na ofisa aliyeamka vibaya.

Mama mmoja wa Kimarekani alikuwa ameshakutana naye. Alikuja asubuhi, mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, kandambili zake zimejaa udongo mweusi. Nikampa shikamoo kwa mazoea, akaitikia "Marahaba, binti, hujambo?" bila kushangaa wala kuchekacheka. Hapo nikajua huyu si wa wiki mbili. Alinieleza mambo yake kwa Kiswahili cha kufinyanga polepole. Alifundisha sekondari moja upande wa Meru miaka ya mwanzo ya Uhuru, akiwa msichana. Akarudi kwao Marekani, akaolewa, akafundisha mpaka akastaafu. Mumewe akafariki, mtoto hawakujaliwa. Akarudi. Sasa alikuwa amepanga vyumba viwili Akheri, kwenye boma la mwanafunzi wake wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa ameishi pale mwaka mmoja na nusu kwa njia ya Namanga, na safari ya mwisho ofisa wa mpakani alimwambia kwa adabu kabisa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Apate kibali au aondoke. Zilibaki wiki sita.

"Nikirudi kule," aliniambia, "nitawekwa kwenye nyumba ya wazee. Nyumba nzuri. Kuna televisheni. Hapa nina watu."

Nikamwambia asihangaike. Mstaafu, ana barua ya pensheni, ana karatasi ya polisi ya kwao kuwa si mhalifu, umri unajionyesha. Daraja C, kazi nyepesi. Kilichobaki ni barua ya kitongoji ya kuthibitisha kwamba wanamfahamu. Nilijiona mtaalamu, jamani! Nikajitolea hata kupanda mwenyewe Akheri kuifuata barua hiyo, maana nilitaka na ndizi za kupika.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo sijawahi kumwona bila kuivaa. Alinikaribisha kwenye benchi, mkewe akaniletea loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye bakuli, na majirani wakaanza kujaa mmoja mmoja, kwa sababu habari ya barua ilikuwa imefika kabla yangu. Kila mtu alitaka neno lake liingie. Na Wameru, nilikuja kugundua, hawamsifii mtu kwa kusema ana roho nzuri. Sisi Wachaga ni hivyo hivyo, sijui nilisahau nini siku ile. Mtu anasifiwa kwa mikono yake. Kwa hiyo barua ikatoka hivi: mama huyu si mgeni wa kukaa na kungoja kupikiwa. Anaamka kabla ya jua. Anapalilia migomba, anakamua ng'ombe wake, maziwa yanayobaki anauza sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi, jioni anafundisha watoto Kiingereza kwa ada ndogo, na tangu amefika hajakosa siku ya mfereji hata moja.

Hilo la mfereji walilishangilia wote. Maji ya kule yanatoka mlimani kwa mfereji wa kuchimbwa na mababu, unapita mashamba ya watu wote, na kila baada ya muda fulani unasafishwa. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa, na ikizoea hivyo, majirani wanaacha hata kuitaja.

Nikaichapa barua ile usiku huohuo kwa mapenzi makubwa. Mwishoni nikaongeza la kwangu: "Kwa ujumla ni mchapakazi wa kupigiwa mfano." Mwenyekiti akalipenda sana, akagonga muhuri mara mbili.

Ofisa wa Uhamiaji aliyepokea faili alikuwa mwanamume mtulivu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliisoma barua. Akaisoma tena. Akaniuliza, "Dada, huyu mama anaomba kama mstaafu?"

"Ndiyo."

"Yaani mtu anayeishi kwa pensheni yake, hafanyi kazi hapa nchini."

"Ndiyo."

"Mbona anafanya kazi kuliko mimi?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunihesabia kwa ncha ya kalamu: anauza maziwa sokoni, kwa kibali gani? Anafundisha kwa ada, kwa kibali gani? Anamiliki ng'ombe wa biashara. Halafu juu ya yote, mchapakazi wa kupigiwa mfano. Karatasi ile niliyoileta nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani ilikuwa hati ya mashtaka, na nimeichapa mwenyewe, bila kosa hata moja la herufi.

Alikuwa mtu wa haki, lazima niseme. Aliniambia maombi hayajakamilika, na mama yule ana nafasi ya kuyarekebisha kabla muda wake haujaisha. Lakini si kurekebisha karatasi. "Arekebishe maisha kwanza," alisema, "ndipo mniandikie. Na tutapanda kuja kuangalia."

Nilipomweleza mama yule nilikuwa nalia, maana mimi nikikosea huwa nalia kwa hasira, hasira ya kujichukia mwenyewe. Yeye akaniuliza tu njia nyingine zipo? Nikampa zote. Daraja A, hana mtaji wa kuitwa mwekezaji kwa ng'ombe mmoja. Daraja B, shule moja ingeweza kumwajiri, lakini alikataa, akasema kuna vijana wa pale wamehitimu ualimu wanalima nyanya, hawezi kukaa kwenye kiti chao. Nikamwambia hata kuolewa kupo. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mtafute basi," akasema, "awe hakoromi."

Kwa hiyo aliyarekebisha maisha. Ng'ombe alimpa mke wa mwenyekiti, moja kwa moja, mbele ya watu. Sokoni hakwenda tena. Watoto wa Kiingereza walipokuja jioni aliwaambia waende nyumbani, na wawili wakakaa nje ya ua wakimngoja abadili mawazo. Nilimkuta amekaa barazani mikono imelala mapajani. Wanawake wakipita na mizigo ya majani wanamwambia "Pole, mama," kama mtu aliyefiwa. Niliona aibu kiasi kwamba sikumaliza chai yangu.

Ilibaki barua ya pili, na hapo ndipo nilipomjua mwenyekiti. Nilimwambia aandike kwamba mama huyu haajiriwi, hauzi kitu, hafanyi kazi, anaishi kwa pensheni yake. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

"Unataka nimwandikie kuwa ni goigoi?"

"Baba, si goigoi. Ni mstaafu."

"Kwa Kimeru ni nani huyo?"

Kwa Kichaga pia sikuwa na neno hilo. Mzee wa kwetu anakufa akiwa na jembe karibu na kitanda.

"Huyu mama," akasema, "nikiwa kidato cha pili alinibakiza darasani mpaka jua likazama kwa sababu nilimdanganya kuhusu insha. Leo wewe unataka nimdanganyie serikali?"

Nikamwambia si uongo tena, ng'ombe ni wa mkeo sasa, kamuulize. Tukabishana mpaka majirani wakaja kusikiliza. Mwishowe alichukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kukwaruza, kama anajichoma: "Mama huyu hauzi kitu. Halipwi na mtu. Hafanyi kazi yoyote. Anaishi kwa pensheni yake." Nikashusha pumzi. Akaendelea: "Ila siku ya mfereji hutoka."

"Baba, nakuomba, hiyo toa."

"Sitoi."

"Ofisa akiona neno lolote la jembe tumekwisha. Zimebaki siku nane!"

"Nyumba isiyotoa mtu mfereji si nyumba. Nikiitoa hiyo nimeandika kwamba hana nyumba hapa. Sasa kibali ni cha kwenda kuishi wapi?"

Niliondoka na karatasi yake kwenda kuichapa, nimemkasirikia njia nzima. Mtu mzima anang'ang'ania mfereji wakati mwenzake anafukuzwa nchi! Nikakaa kwenye mashine yangu, nikachapa mistari minne ya kwanza. Nikafika kwenye mfereji. Nikauruka. Nilijiambia namsaidia, na siku ile niliamini hivyo.

Kesho yake nikapanda nayo. Mwenyekiti hakuwa na miwani, akaniamini, akatia sahihi na kugonga muhuri. Mama yule alikuwa barazani. Akaniomba aisome, nikampa, hata sikuogopa. Alisoma kwa sauti, neno moja moja, kidole kikitembea juu ya karatasi kama mwalimu anayesahihisha. Alipofika mwisho aligeuza upande wa pili. Hakuna kitu. Akanitazama.

"Mfereji uko wapi?"

Mwenyekiti naye akanitazama. Ningefurahi kama angenigombeza. Nikaanza kujitetea kwamba ofisa atakuja kukagua, kwamba nimetumwa nilete kibali na si kuleta mashairi, kwamba ni sentensi moja tu. Mama akaichana ile karatasi, na muhuri wake, vipande vinne, akavipanga vizuri juu ya meza.

"Ng'ombe nimetoa," akasema. "Soko nimeacha. Watoto nimewafukuza. Kama na hiyo siruhusiwi, bora niende kwenye televisheni."

Nilishuka mjini tena. Nikachapa upya, na mfereji ndani, nikapanda, nikashuka. Zilikuwa zimebaki siku sita. Usiku wa kuamkia kwenda Uhamiaji sikulala vizuri, nilikuwa nimeshaona mama yule anasimama uwanja wa ndege na begi lake, na mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Safari hii tulikwenda wote wawili. Ofisa akasoma. Alipofika mwisho kalamu yake ikasimama. Nilimwona anaona.

"Huo mfereji analipwa?" akauliza.

Nikataka kujibu, mama akanitangulia. "Halipwi mtu. Asiyetoka ndiye anayetozwa."

"Anatozwa nini?"

"Debe la mbege. Wanakunywa waliotoka."

Ofisa akafunga faili. "Kwetu Upareni ni mbuzi," akasema. Kisha akatuambia faili litakwenda Dar es Salaam na maoni yake, majibu tutayapata, na likiwa huko mama haondolewi. Wiki ile ile wenzake wawili walipanda Akheri, wakamkuta barazani. Hatukuambiwa maoni yalikuwa yapi. Kibali kilikuja, cha miaka miwili, daraja C. Nilipompelekea aliangalia muhuri wake kwa muda, akaiweka pasipoti ndani ya kopo la biskuti, akaniuliza kama nimekula.

Alikaa. Tuliongeza muda ulipoisha, tukaongeza tena, na kila mara mwenyekiti aliandika barua ileile, na mimi nilichapa kama ilivyo bila kugusa. Alizoea kidogo ile baraza. Mke wa mwenyekiti alimletea kikombe cha maziwa kila asubuhi na alikataa kushukuriwa. Watoto walikuja bila ada, wakasema wamekuja kusalimia, na kama wanasalimiana kwa Kiingereza hilo lilikuwa shauri lao. Siku ya mfereji alikuwa wa kwanza kushuka na jembe begani, na nadhani alikuwa anazihesabu siku zile kama mtoto anavyohesabu Krismasi.

Mara ya mwisho nilipopanda na fomu, nilikuwa na kompyuta ofisini na wasichana wawili wa kuchapa, na yeye alikuwa kitandani. Miguu ilikuwa imekataa, na kifua. Kibali kilikuwa kinakwisha mwezi ule. Nikamwekea mto mgongoni, nikampa kalamu, nikamwonyesha pa kutia sahihi.

"Kesho si Jumamosi?" akaniuliza.

"Ndiyo mama. Tia sahihi hapa."

"Ni mfereji. Nyumba yangu haina mtu."

"Wewe ni mgonjwa. Watakusamehe."

"Wananisamehe mimi," akasema. "Nyumba haisamehewi." Akaniangalia, na nikaelewa, na nikaona hatari inavyokuja.

"Mama! Mimi nina kucha. Mimi jembe nimeshika mara ya mwisho darasa la saba."

Aliirudisha kalamu mkononi mwangu. Fomu ile ninayo mpaka leo, haina sahihi.

Nililala pale. Alfajiri mke wa mwenyekiti alinipa jembe la mama lenye mpini uliolainika, nikashuka nalo mpaka kwenye maji, nimevaa viatu vyangu vya ofisini kwa sababu sikuwa na vingine. Watu walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti alikuwa amezeeka, lakini kofia ni ileile, na alikuwa na daftari lake la nyumba. Akaziita moja moja, na kila ikiitwa mtu anaitikia. Alipofika kwenye ya mama alisimama, akafunika daftari kidogo kwa kiganja, akataka kuiruka kimyakimya.

"Nyumba hiyo ina mtu!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Akageuka. Akaangalia kucha, akaangalia viatu.

"Karani," akasema, "si wewe uliyeutoa mfereji kwenye barua?"

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Nikasema ndiye mimi. Akaweka alama kwenye daftari, akaninyooshea kidole kipande changu, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mgomba. Nikavua viatu, nikaingia kwenye maji.